Dawa ya tezi ya shingo na mifupa ya mama: pimeni TSH kabla ya kuongeza kalsiamu

Marahaba, mwanangu. Umeeleza kwamba mama yako, mwenye umri wa miaka 61 na anayeishi Kongwa, aliondolewa tezi yote ya shingo kwa upasuaji kwa sababu ya goita, na kwamba tangu hapo humeza levothairoksini, yaani homoni ya tezi katika kidonge, ya maikrogramu 150 kila siku. Baada ya kuteleza uani na kuvunjika mkono, ameambiwa kuwa mifupa yake imepungua uzito, akaandikiwa vidonge vya kalsiamu pamoja na alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isiendelee kupungua, ya mara moja kwa wiki. Unauliza kama aache dawa ya tezi, kwa kuwa mmeelezwa kwamba ndiyo inayokula mifupa. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Dodoma mjini, wala si daktari, lakini ninaishi na maradhi haya yote mawili na nimewauliza madaktari mengi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Asiache. Mtu asiye na tezi hiyo hana mahali pengine pa kupatia homoni yake, na akiiacha dawa mwili utapoa, mapigo ya moyo yatapungua, akili itazubaa, na mwisho wake unaweza kuwa kifo. Kinachodhuru mifupa ni homoni kuzidi mahitaji ya mwili, iwe imezalishwa na tezi iliyochachamaa au imetoka kwenye kidonge kikubwa kupita kiasi. Dawa inayotosha haidhuru. Ndiyo maana, kabla hamjanunua kopo jingine la kalsiamu, ningependa mwende mkapime TSH ya mama, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dawa ya tezi inamtosha au imezidi, ambacho gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kile cha DXA, yaani picha ya kupima uzito wa mifupa.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna chembe zinazochimba mfupa wa zamani na nyingine zinazofuata nyuma yake kujaza pale palipochimbwa, na mzunguko mmoja wa kuchimba na kujaza huchukua takriban siku 200 kwa mtu mwenye afya. Homoni ya tezi ikizidi, mzunguko huo hufupishwa hadi karibu nusu, na kwa kuwa wachimbaji huenda kasi kuliko wajazaji, kila mzunguko huacha upungufu. Jambo hili si geni kwa matabibu, kwani mwaka 1891 von Recklinghausen wa Ujerumani alieleza habari za mwanamke aliyekufa kwa ugonjwa wa tezi akiwa na mifupa iliyoliwaliwa na kuvunjika mara kadhaa. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi hali huwa nzito zaidi, kwa sababu estrojeni, iliyokuwa ikiwazuia wachimbaji hao, imekwisha kupungua.

Kwangu mimi ulianza ugonjwa wa Graves, ambao hufanya tezi izalishe homoni nyingi mno. Nilitumia kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni hiyo, kwa miaka, kisha nikapewa madini joto yenye mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kama inavyowatokea wengi waliotibiwa hivyo, tezi ikalala kabisa, nikaanzishiwa levothairoksini. Nilipokoma hedhi nilipimwa DXA, na alama yangu ya T, inayolinganisha mfupa wa mtu na wa kijana mwenye afya, kwenye uti wa mgongo ikasomeka hasi 2.7. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, alama ya hasi 2.5 au chini yake ndiyo huitwa osteoporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kwa urahisi, na iliyo kati ya hasi 1 na hasi 2.5 ni upungufu wa wastani. Sikuwa na maumivu yoyote, na hapo ndipo ugumu wa maradhi haya ulipo, kwani mfupa unaopungua hauumi mpaka uvunjike, na hata pingili za mgongo zinaweza kubonyea kimyakimya, mtu akajikuta amepungua urefu na mgongo umepinda.

Sasa nirudi kwenye TSH. Homoni hii hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Damu ikiwa na homoni ya kutosha, amri hupungua. Ikizidi, amri hunyamaza, na namba ya TSH hushuka chini kabisa. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4.0 kuwa ni kawaida. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, uliowafuatilia wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 65, uliona kwamba wale ambao TSH yao ilikuwa 0.1 au chini ya hapo walivunjika nyonga takriban mara tatu zaidi, na pingili za mgongo takriban mara nne zaidi, kuliko wale wenye TSH ya kawaida. Moyo nao hupata taabu, kwa kuwa unaweza kuanza kupiga bila mpangilio. Msisubiri mama atetemeke mikono au akonde ndipo mpime, kwa sababu kwa watu wazima dawa inaweza kuzidi bila dalili yoyote ya wazi.

Kuna hesabu ambayo daktari wangu alinionyesha, nami naiona ya maana sana kwa mama yako. Mtu asiye na tezi kabisa huhitaji kwa wastani maikrogramu 1.6 za levothairoksini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Maikrogramu 150 zinamfaa mtu wa karibu kilo 94. Kama mama ana kilo 60, hesabu inamleta kwenye 96, yaani kidonge cha 100. Hesabu si hukumu, kwani wapo wanaohitaji zaidi na wapo wanaohitaji pungufu, tena kuna sababu moja inayoweza kumfanya daktari amwekee dozi kubwa kwa makusudi: ikiwa goita ilipochunguzwa maabara ilikutwa na saratani, TSH huweza kushushwa ili mabaki ya saratani yasichochewe. Kwa hiyo tafuteni majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara baada ya upasuaji. Ikiwa ilikuwa goita ya kawaida, hakuna sababu ya TSH yake kuwa chini. Ikiwa ilikuwa saratani, mwulizeni daktari kama bado kuna haja ya kuibana kiasi hicho baada ya miaka yote hii, sasa kwa kuwa mifupa imeanza kuvunjika. Msipunguze dozi wenyewe nyumbani. Na daktari akiibadilisha, rudieni kipimo baada ya wiki 6 hadi 8, maana kabla ya hapo namba huwa haijatulia.

Angalieni pia maandishi ya kwenye pakiti. Mimi niliwahi kuuziwa na duka moja la dawa vidonge vya 100 badala ya 50 nilivyoandikiwa, rangi ya boksi ikifanana, na kosa hilo lilikuja kugundulika kwenye kipimo cha TSH. Tangu siku hiyo ninasoma namba kabla sijalipa. Vidonge vyenyewe vihifadhiwe kwenye pakiti yake, mahali pakavu na penye ubaridi, kwa kuwa joto letu la Oktoba na Novemba huvipunguzia nguvu.

Jambo jingine linalowahusu waliofanyiwa upasuaji tu ni tezi nne ndogo za parathairoidi, zilizojibanza nyuma ya tezi ya shingo, ambazo hudhibiti kalsiamu katika damu. Wakati wa upasuaji zinaweza kuumia au kuondolewa. Mama akisikia ganzi au mchomo kwenye vidole na kuzunguka midomo, au misuli ikikaza, apimwe kalsiamu ya damu upesi. Hata asiposikia lolote, kipimo hicho, pamoja na cha figo, kifanyike kabla hajameza alendroneti ya kwanza, kwa sababu dawa hiyo hushusha kalsiamu ya damu na haipewi mtu ambaye kalsiamu yake iko chini tayari.

Kuhusu kuzipanga dawa, hapa ndipo nimeona wengi wakihangaika, kwani dawa hizi tatu hazipendi kukutana tumboni. Levothairoksini imezwe asubuhi kabla ya chochote, kwa maji matupu, kisha asubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Kahawa, maziwa na uji wa lishe wenye soya huizuia isifyonzwe vizuri, na kalsiamu au vidonge vya kuongeza damu vikae mbali nayo kwa saa 4. Kwa hiyo kalsiamu iwe ya mchana na usiku, pamoja na chakula, kwa sababu ile ya kaboneti huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Nusu mchana na nusu usiku ni bora kuliko yote kwa mkupuo. Siku ya alendroneti, yenyewe ndiyo itangulie: kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa bilauri nzima ya maji, akae wima au atembee bila kulala kwa nusu saa, ndipo ameze levothairoksini, kisha asubiri tena kabla ya kula. Mimi nimeiweka Jumamosi, kwa kuwa Jumapili nawahi ibada ya kwanza na sitaki kuharakisha. Ikiwa mama ana kiungulia kikali au vidonda vya tumbo, amwambie daktari, kwani ipo sindano ya asidi ya zoledroniki inayochomwa mara moja kwa mwaka. Na kama kuna jino la kung'oa, ling'olewe kabla ya kuanza dawa.

Kiasi cha kalsiamu kwa mwanamke wa umri wake ni miligramu 1200 kwa siku, chakula kikihesabiwa. Bilauri moja ya maziwa, yawe fresh au mgando, ina karibu 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, ufuta, ubuyu na mlenda vyote huongeza, na hivi tunavyo mezani kwetu bila kuvitafuta mbali. Mlenda tu usijazwe magadi, kwa kuwa sodiamu ikizidi figo humwaga kalsiamu kwenye mkojo. Wapo watakaomkataza ugali wa uwele. Ni kweli uwele una viambata vinavyoweza kuisumbua tezi, hasa kwa wasiotumia chumvi yenye madini joto, lakini mama hana tena tezi ya kusumbuliwa, basi ale. Jua la Dodoma lipo, ila haliwasaidii wanaoshinda ndani au waliofunikwa mwili wote, kwa hiyo mwulizeni daktari kuhusu vitamini D. Na mumkataze kwa nguvu zote kununua prednisoloni au deksamethasoni za kutuliza viungo bila kuandikiwa, maana hizo hubomoa mifupa kwa miezi michache tu.

Kutembea, kupanda mlima mdogo na kuinuka kitini bila kushika huimarisha mifupa na miguu. Kinachonitia wasiwasi ni jembe la mkono na ndoo ya lita 20, kwa sababu kuinama kwa kukunja mgongo na kunyanyua mzigo kutoka chini ndiko kunakobonyeza pingili dhaifu. Mvua za Desemba zikianza atataka kwenda shambani, nami namwelewa, lakini msimu huu palizi lifanywe na vijana, naye apande mbegu au achambue karanga akiwa amekaa. Maji yachotwe kwa vidumu vidogo. Njia ya kwenda chooni iwekewe taa, sakafu ya bafuni isiteleze, na kandambili zilizolika zitupwe.

Mkipata majibu ya TSH na ya kalsiamu ya damu, niandikie namba hizo pamoja na uzito wake na yaliyoandikwa kwenye majibu ya upasuaji, nikusaidie kupanga maswali ya kumwuliza daktari siku ya kliniki.