Ukienda Iringa, usianzie mjini

Nimetembelea Iringa mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa watu 9 kwenye gari la kukodi, tukiwa na orodha ya sehemu 5 za kumaliza ndani ya siku moja. Tulianzia Boma, tukapanda Gangilonga, tukakimbilia Kalenga, tukafika Isimila saa 8 mchana jua likichoma, kisha dereva akatupeleka mbio kuelekea Mlambalasi na giza likatukuta njiani. Nilirudi nyumbani na picha nyingi. Mdogo wangu aliponiuliza Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alishindwaje, sikuwa na jibu, na jambo hilo liliniuma, kwa sababu siku nzima nilikuwa nimezunguka humo humo mambo yalimotokea.

Mara ya pili nilikwenda mwezi wa 7 na shangazi yangu, mwenye miaka 68, pamoja na mwanangu wa miaka 11. Nilibadilisha vitu viwili tu: mpangilio wa safari na mwongozaji. Ninayoandika hapa yanatokana na siku hiyo.

Mpangilio kwanza. Karibu kila gari linaanzia mjini, kwa kuwa ndiko wageni wanakolala. Lakini mji wa Iringa ndio mwisho wa hadithi. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome, na ngome inayotajwa haikuwa hapo mjini. Ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa (yaani chifu) Mkwawa. Wajerumani walipoibomoa mwaka 1894, miaka 2 baadaye afisa wao Tom von Prince alianzisha kituo kipya cha jeshi kule juu mlimani, nacho kikaitwa Iringa Mpya. Katika ramani zao Kalenga ikawa "Iringa ya Zamani". Jina lilihamishwa pamoja na mamlaka. Ukianza na mji, utaona majengo mazuri ya kale tu. Ukifika mjini baada ya Kalenga, utajua yamesimama juu ya nini. Kwa hiyo sisi tulikwenda Isimila asubuhi, Kalenga kabla na baada ya chakula, mjini alasiri, na Gangilonga jua likizama.

Kuna kitu kimoja cha kufanya hata kabla ya siku hiyo. Kama unatokea Morogoro kwa gari lako, simama Lugalo, kando ya barabara kuu kabla hujaingia Iringa. Pana mnara wa Wajerumani waliouawa pale tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokivamia kikosi cha Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, na kukisambaratisha. Zelewski mwenyewe alifia hapo. Dakika 20 zinatosha. Ukishapaona, utaelewa kwa nini miaka 3 baadaye Wajerumani walirudi na mizinga.

Isimila, korongo lenye mawe ya watu wa kale, iko kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya kwenda Mbeya. Ondokeni saa 1 asubuhi, msichelewe. Iringa ni nyanda za juu, na mwezi wa 6 hadi wa 8 asubuhi ni baridi kweli, kwa hiyo vaa sweta ambalo utaweza kulifunga kiunoni baadaye. Korongoni hakuna kivuli, na ikifika saa 5 utatamani kofia. Viatu viwe vya kufunga. Njia ya kushukia kwenye nguzo za udongo ina mchanga na changarawe, na wakati wa mvua inateleza vibaya.

Watu wengi huenda Isimila kwa ajili ya zile nguzo za udongo, ambazo mvua na upepo vimezichonga zikabaki zimesimama peke yake. Ni nzuri, piga picha. Ila omba mwongozaji akusimamishe kwanza kwenye mawe. Yametapakaa pale chini: shoka za mkono, mawe ya kukatia na ya kuchunia ngozi, yaliyochongwa na watu walioishi kando ya ziwa ambalo lilikauka zamani sana. Yaligunduliwa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 mwanaakiolojia Clark Howell akaongoza uchimbaji. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilitoa umri wa takriban miaka 260,000. Mifupa ya aina ya kiboko iliyokwisha kutoweka duniani imepatikana humo humo.

Mwanangu aliokota jiwe akaanza kulipeleka kwa bibi yake. Mwongozaji, kijana wa pale pale Iringa, hakumfokea. Aliomba lishikwe vizuri, kiganja kikifunika upande mnene, na mtoto akaona vidole vinavyokaa wenyewe mahali pake. Kisha akamwambia, "Sasa lirudishe pale pale ulipolitoa, mdogo wangu. Jiwe likihama, tunapoteza habari ya nani alikaa wapi na alikuwa akifanya nini." Mtoto akarudi na kulilaza kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipojua tumempata mtu sahihi.

Na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: tafuta mwongozaji mwenyeji, si dereva anayejua njia. Mara ya kwanza tulikuwa na dereva hodari, lakini kila tulipofika alibaki garini akitungoja. Unapotafuta mtu, piga simu siku moja kabla na umuulize maswali mawili: wewe ni wa wapi, na Kalenga tutakaa muda gani? Akikujibu nusu saa, tafuta mwingine. Elewaneni bei yote mapema, yaani gari, mafuta, malipo yake na chakula cha dereva. Viingilio vihesabuni pembeni, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, kwani raia na mgeni hawalipi sawa. Chakula tulibeba wenyewe: viazi vya kuchemsha, mayai, na chai kwenye chupa. Hatukupoteza saa nzima kutafuta hoteli.

Kalenga utashangaa ilivyo kimya. Ni kijiji, watu wana mashamba yao, na ukuta mkubwa uliokizunguka haupo tena kama unavyoufikiria. Yamebaki mabaki tu, ambayo bila kuonyeshwa utapita juu yake. Mwongozaji alitutembeza kwa miguu, akituonyesha ukuta ulipita wapi, hadi shangazi akaanza kuuona yeye mwenyewe na kutuelekeza kwa fimbo yake. Ngome ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, mbele ya jeshi la Gavana von Schele. Mkwawa hakukamatwa. Alipigana porini karibu miaka 4 zaidi, huku Wajerumani wakitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayempeleka. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa akiwa mgonjwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani.

Fuvu liko ndani ya makumbusho, kwenye sanduku la kioo. Ushauri wangu ni huu: vua kofia, zima simu, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha yoyote. Wako watu wa ukoo huo wanaoishi pale pale, na nje kuna makaburi ya watu wao. Kama una mtoto, mwandae kabla hajaingia. Mimi nilimweleza mwanangu garini kwamba atakiona kichwa cha mtu, cha babu wa watu, naye akaingia kwa adabu ambayo sikumfundisha.

Usiogope kuuliza maswali magumu. Shangazi aliuliza lile ambalo nilikuwa nimelimeza: "Mwanangu, mna hakika gani kwamba ni yeye?" Kijana alivuta benchi, akakaa. Akaeleza kwamba Waingereza waliliweka fuvu hili katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi 6. Halikurudi. Ilichukua zaidi ya miaka 30, hadi Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, ambako yalikuwapo mafuvu mengi, mengine ya kutoka Afrika Mashariki. Vipimo vikalinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, likachaguliwa lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. "Wapo wenye mashaka," kijana akasema, "na vipimo vya wakati ule si kama vya leo. Lakini sisi tulimlilia, tukampokea."

Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza yale mafuvu mengine yalikuwa ya nani.

Tulikaa Kalenga saa 3. Sijutii hata dakika moja, ingawa mjini ilibidi tupunguze. Mlambalasi, alikozikwa mwili wa Mkwawa, iache kabisa siku hiyo. Ni mbali, na inastahili siku yake.

Mjini, nenda Boma. Jengo lilijengwa na Wajerumani kama hospitali, likatumika miaka mingi kama ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kuta ni nene, ndani kuna ubaridi mzuri baada ya jua la mchana. Kwa kuwa tulitoka Kalenga, mwanangu alipita kwenye vyumba akitambua majina, na mara ya kwanza mimi nilikuwa nimepita vyumba hivyo hivyo nikitafuta mlango wa kutokea. Baada ya hapo tembeeni hadi soko kuu. Vikapu vya milulu nunueni hapo, na ukimsalimia mama muuzaji "Kamwene" kabla ya kutaja bei, mazungumzo yatakwenda vizuri zaidi. Shangazi alinunua viwili.

Gangilonga mwende kabla ya saa 11 na nusu, mkiwa kundi, na mshuke kabla giza halijaingia. Jina lina maana ya jiwe linaloongea, na inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari na kupata habari za kuja kwa Wajerumani. Kupanda si kugumu. Shangazi alipumzika mara mbili, kijana akimshika mkono, akafika.

Juu pale unauona mji wote. Wenzetu waliotukuta walikuwa wakipiga picha za mabati yakimetameta na mnara wa saa. Shangazi aliomba aonyeshwe Kalenga iko upande gani. Kijana akanyoosha mkono magharibi, nyuma ya mapaa yote, kule jua lilikokuwa linashukia. Shangazi akageuka, akaketi akielekea huko, kikapu mapajani, hadi baridi ilipotufukuza.