Nakaa Ilazo, kazi Mtumba, kwetu Kondoa: nichukue haibridi au ya umeme kabisa?

Swali: Fundi habari za kazi. Mi ni mtumishi, nakaa Ilazo na ofisi yetu iko Mtumba, kwenda na kurudi nikipitia shule ya watoto inafika kama kilomita 40 kwa siku. Karibu kila mwezi naenda kwa wazazi Kondoa, na ukishaacha lami kuna kama kilomita 30 za vumbi na makorongo ya mchanga. RAV4 yangu ya zamani inaenda kilomita 10 kwa lita, nimechoka. Nataka gari dogo ila liwe limenyanyuka kutoka chini. Nimepewa machaguo matatu: Honda Vezel haibridi (petroli na umeme pamoja) ya 2014, Toyota C-HR haibridi ya 2017, na shemeji anasema niachane na mafuta kabisa niagize BYD Yuan Plus kutoka China. Nyumbani itakuwa gari hiyo hiyo moja. Halafu kuna mtu kaniambia haibridi betri ikifa unaitoa tu unaendelea na petroli, ni kweli?

Jibu: Salama dada yangu, asante kwa kueleza safari zako vizuri maana bila hizo ningekujibu hewani tu.

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu limeshawaponza watu wengi. Si kweli. Haibridi za Toyota hazina stata ile ya kawaida wala altaneta, injini inazungushwa iwake na mota kubwa iliyo ndani ya giaboksi, na hiyo mota inakula umeme wa betri kubwa. Betri kubwa ikifa injini haiwaki hata kama tenki limejaa, unasimama hapo hapo ulipo. Kwa hiyo anayenunua haibridi ya mtumba ananunua betri kwanza, gari linafuata.

Na kwa hapa kwetu mi naogopa vumbi kuliko umri wa hiyo betri. Betri ya C-HR ina vipande 28 vya nikeli, kila kimoja volti 7.2, vimeungwa mfululizo mpaka zinapatikana volti 201.6, na zinapozwa na hewa ya humo humo ndani mnamokaa. Ukiangalia haibridi nyingi za aina hiyo kuna kitundu chenye vyavu pembeni au chini ya siti ya nyuma, watu wanadhani urembo, wanakizibia na mabegi, kumbe betri inapumulia hapo na nyuma yake kuna feni na kwenye gari nyingi kuna kichujio. Hivi karibuni nimefungua haibridi ya mteja anayepita sana rafu rodi, gari imeleta namba ya hitilafu P0A80, yaani kompyuta inasema betri imechoka, kutoa kichujio nikakuta vumbi jekundu limeshikana na nyuzi za kapeti na unga wa biskuti za watoto, nimekigonga kwenye sakafu limedondoka pande zima kama kipande cha blanketi. Feni nayo mapanga yamevaa vumbi. Hewa haipiti, vipande vya katikati ya betri vinapata joto kuliko vya pembeni, vinaanza kufa kimoja kimoja, na kwa kuwa vimeungwa mfululizo kimoja kikichoka vyote vinaburuzwa.

Sasa wewe na hizo kilomita 30 zako za Kondoa, ukichukua haibridi ya namna hiyo mambo mawili uyafanye bila kukosa. Ukiingia vumbi funga vioo vyote, washa AC na uiweke kwenye kuzungusha hewa ya ndani, hapo huipozi familia peke yake, unaipoza na betri. Na kichujio cha betri kisafishwe kila unapofanya sevisi, usisubiri taa iwake. Ni kazi ndogo mno, inauma kuona mtu anapoteza betri nzima kwa sababu hiyo.

Tuje kwenye gari zenyewe. Vezel ya 2014 mi nakushauri uiache. Ni gari zuri kulikalia, lina nafasi, ila giaboksi yake ni ya klachi mbili kavu zinazoendeshwa na kompyuta, na mwanzoni kabisa Honda wenyewe waliita Fit na Vezel haibridi zirudi kurekebishwa mara kadhaa kule Japani kwa sababu ya programu ya hiyo giaboksi. Klachi kavu haipendi kutambaa, yaani ile ya kusogea kidogo unasimama unasogea, au kupanda korongo la mchanga polepole ukiwa na mzigo, zinachemka. Ikishaanza kushtukashtuka inahitaji mashine yenye programu yake ya kuifundisha upya klachi na fundi anayejua anachofanya. Af gari ya 2014 imeshavuka miaka 10, na TRA ushuru wa uchakavu unaanza kwenye miaka 8 na ukivuka 10 unapanda tena, kwa hiyo ule unafuu wa bei ya Japani unaishia bandarini. Weka kila gari unayoifikiria kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujampenda mtu wa kukuuzia.

C-HR kwa mitambo naiamini sana. Injini ile ya 1800 ndugu yake ni Prius, giaboksi haina klachi wala mikanda ya kukatika, na spea Kariakoo zipo. Shida yako ni kimo. C-HR haibridi za Japani tumbo liko milimita 140 tu kutoka chini, linavyoonekana limenyanyuka kwa nje ni umbo tu. Ya mjini na Mtumba itakufaa miaka, ila kwenye matuta ya mchanga katikati ya njia utakuwa unakwangua chini kila mwezi, na mvua ikishachimba makorongo ya Kondoa si unayajua.

Hiyo ya umeme sasa. Shemeji yako hajakosea kwenye hesabu. Gari la umeme la ukubwa huo linakula kama uniti 16 kwa kilomita 100, kwa kilomita 40 zako ukiweka na upotevu wa kuchaji ni uniti 7 hivi, na uniti ya LUKU ukichanganya na kodi ni kama shilingi 356, inakuja 2,500 kwa siku. Tuchukulie petroli ni 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: haibridi inayoenda kilomita 20 kwa lita utatumia 6,000, na hiyo RAV4 yako 12,000. Tofauti inaonekana kwa macho. Ila kwa siku 22 za kazi hizo ni uniti 150 na zaidi kwa mwezi, kwa hiyo kama nyumbani mko kwenye lile kundi la bei nafuu la wasiozidi uniti 75 mtatoka humo, na friji na taa navyo vitaanza kulipiwa bei kubwa.

Kitu ambacho pengine hajakwambia ni tundu la kuchajia. Yuan Plus ndiyo hiyo hiyo BYD Atto 3, jina tu, lakini Yuan Plus ya kuagiza China imetengenezwa kwa soko la huko na ina soketi ya kichina ya GB/T na maandishi ya kichina, Atto 3 ya kuuzwa nje mara nyingi inakuja na ya Ulaya. Ukinunua hakikisha chaja ya nyumbani imo kwenye mzigo, na jua kwamba kituo cha kuchajia chenye plagi nyingine hakitakusaidia bila adapta. Betri yao mi sina ugomvi nayo, ni ya chuma na fosfeti, inavumilia joto na haisumbuki ukiijaza mpaka 100, na inapozwa na mfumo wake yenyewe, haitegemei hewa ya kwenye siti.

Safari ya Kondoa ndiyo inayonifanya nisite. Dodoma mpaka Kondoa kilomita 150 na ushee, ongeza 30 zako, kwenda na kurudi unakaribia 370. Atto 3 ya betri kubwa ni uniti 60, kwa mwendo wa barabara kuu inakula 17 au 18 kwa kilomita 100, kwa hiyo inaishiwa kwenye 340 hivi. Itabidi uchaji kwa wazazi. Soketi ya ukutani ya kawaida amp 10 usiku wa saa 10 inakupa kama uniti 20, zinatosha kukurudisha, lakini umeme usikatike usiku huo na waya za nyumba ziwe nzima. Na ethi, ile waya inayoshuka ardhini. Chaja nyingi zikiona ethi mbovu zinagoma kabisa, na udongo wetu huku kanda ya kati ukikauka mwezi wa tisa wa kumi ile fimbo ya shaba iliyozikwa futi mbili haisomi kitu. Hata hapo Ilazo ungehitaji fundi umeme akuvutie waya wake peke yake wa milimita 6, breka yake, na ethi ipimwe kwa mashine, kuangalia kwa macho hakutoshi. Ingekuwa gari la pili nyumbani, na safari za Dar unapanda SGR kama wengi wetu sasa hivi, ningekwambia chukua kesho. Ni gari moja, unalotegemea hata mzazi akiugua usiku, kwa hiyo kwa sasa hapana.

Jibu langu ni gari ambalo hukulitaja: Toyota Yaris Cross haibridi, zilianza kutoka 2020. Injini 1500, betri ya lithiamu, tumbo liko milimita 170, umri wake bado hauna ushuru wa uchakavu, na zipo zinazovuta miguu yote minne kwa mota ya umeme nyuma. Itakuwa bei juu kuliko C-HR pale mnadani, ndio, ila piga hesabu mpaka gari iwe na namba mkononi, sio bei ya Japani peke yake. Ukiona imezidi mfuko angalia Raize haibridi, hizo tumbo liko 185 ila ni miguu miwili tu. Nissan Kicks nayo ni nzuri, injini inazalisha umeme tu na mota ndiyo inasukuma, mjini utaifurahia ila ukiikazia mwendo mrefu mafuta yanasogea. Njia ya Kondoa ina vijiji vingi vya 50 na tochi zake, kule kupunguza mwendo kila mara ndiko haibridi inakojaza betri, kwa hiyo safari ndefu nayo utaona unafuu.

Ukipata gari hapa hapa nchini badala ya kuagiza, usikubali kupima kwa kuzunguka mtaa. Fundi aunganishe mashine, aangalie volti za kila kundi la betri wakati unakanyaga mafuta na wakati unaachia. Zinatakiwa zishuke na kupanda pamoja, ukiona moja inadondoka peke yake achana nalo, na muuzaji akisema kipande kimoja tu kimebadilishwa juzi, hivyo vingine vya zamani vinafuata njia hiyo hiyo. Aangalie na tanki la kulanti (maji ya kupozea) ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota, ni tofauti na la rejeta, asije akawa kuna mtu amejaza maji ya bomba. Na gari likishakuwa lako pale kwenye kuosha magari wakatalie kupiga presha ndani ya boneti, zile waya nene za rangi ya chungwa zina volti za kuua mtu.