Kwa mnaoanza wodini: mgonjwa anapoelekea mwisho

Wadogo zangu mnaoripoti wodini, mliotoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mliotoka vyuo vingine vya huku Kanda ya Kati, kuna maneno mtayasikia mapema sana: "Huyu hana tena cha kufanyiwa." Msiyakubali. Daktari akishasitisha dawa za kutibu, kazi yake ndiyo imepungua. Ya muuguzi imeongezeka.

Anzeni na maumivu, maana anayeumia hasikii hata neno la faraja. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa. Usisubiri mgonjwa alie. Aliyeandikiwa mofini aandikiwe na dawa ya kulainisha choo, na usipoiona kwenye faili, uliza. Ndugu wataogopa, wengine watakuuliza kwa kunong'ona kama hiyo ndiyo dawa ya kummaliza. Wajibu bila kukasirika: dozi inaanza kidogo, inapandishwa taratibu, na mtu aliyetulizwa maumivu ndiye anayeweza kuongea nao.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaoelekea mwisho) ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa hayako mwilini tu: yamo ya moyoni, ya imani, na ya mambo ya nyumbani. Huku kwetu weka na bili. Mgonjwa anaweza kukesha akiwaza wanawe wataliuza shamba gani. Mwite afisa ustawi wa jamii mapema, mwenyewe akiwa bado anaweza kusikia jibu.

Sasa uji. Mama anakuja asubuhi na chupa ya uji wa uwele, anamlazimishia kijiko mwanawe ambaye hamezi tena. Wageni wa kazi hufoka: "Mama, utampalia!" Kweli atampalia, lakini huyo mama amemlisha mtu huyu tangu siku alipozaliwa, na wewe unataka aache kwa sauti moja ya ukali mbele ya wodi nzima? Vuta kiti. Mwambie mwili wa mwanawe umeanza kupumzika, hausikii njaa, na uji ukiingia njia ya hewa utamtesa. Utarudia mara mbili, tatu, usichoke. Kisha mpe kazi nyingine: kitambaa safi na maji kidogo amloweshe midomo, mafuta ampake, amgeuze pamoja nawe, amshike miguu. Nimeona akina mama wakitulia kabisa kwa sababu mikono imepata la kufanya.

Bibi aliyeletwa kutoka Bahi au Chamwino anaweza kuitikia "ndiyo" kwa kila unachosema na asiwe ameelewa hata robo. Mwamkie "Mbukwenyi", halafu mtafute mwenzako anayejua Kigogo. Usimtumie mjukuu wa darasa la sita kutafsiri habari za kifo cha bibi yake. Na uliza msemaji wa familia ni nani. Mara nyingi ni baba mdogo au mjomba, wala siyo binti anayelala chini ya kitanda. Ila binti huyo naye awepo mnapoongea, kwa kuwa ndiye anayeuguza.

Pumzi zikianza kukatika na kurudi, miguu ikiwa ya baridi na madoa, kooni kukiwa na mkoromo, waambie ndugu siku hiyo hiyo. (Mkoromo huwatesa wanaousikiliza kuliko mgonjwa mwenyewe, mlaze ubavu.) Usiseme "hali imebadilika kidogo." Sema: "Tunaona anaelekea mwisho. Anayetaka kumwona, aje leo." Saa ya kufa usiitaje, huijui. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtoto aliyeko Dar es Salaam anaweza kufika jioni hiyo, ilimradi ameambiwa asubuhi.

Wapo watakaoomba kumrudisha nyumbani Kondoa au Mpwapwa. Msiwaone wajinga. Wanataka afe kwao, tena wanajua kusafirisha mwili ni gharama nyingine kabisa. Daktari akiridhia, wafundishe kupima dozi na waonyeshe zahanati ya kuulizia.

Mambo ya dini uliza tu. Padre, mchungaji au shekhe aitwe mgonjwa akiwa na fahamu. Na kama ni Mwislamu na ndugu wanataka aelekezwe Kibla, kwa hapa Dodoma ni kaskazini.

Akifariki, tamka neno lenyewe: amefariki. Vuta pazia, waache walie kwanza, habari za mochwari na kibali cha mazishi zije baadaye. Na kabla hujaketi kuandika ripoti, pita kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Amesikia kila kitu, pengine ana ugonjwa ule ule, na hakuna atakayempa pole kwa kuwa hakufiwa. Mpime presha hata kama saa yake haijafika, umpe nafasi ya kuuliza.