BGP kwa vijana wa zamu: soma kwanza, amri baadaye

Kijana akikabidhiwa zamu ya usiku kwenye kampuni ya intaneti hapa Arusha, mteja wa Njiro akipiga simu kwamba mtandao umekata, mkono hukimbilia `clear ip bgp *`. Acha. Amri hiyo inaangusha vikao vyote vya BGP, yaani mazungumzo ambayo ruta yako na ruta jirani huambiana njia za kufikia mitandao, hata vizima, na dalili ulizotakiwa kuzisoma zinapotea. Andika `show ip bgp summary`, kisha usome kuanzia kulia.

Safu ya State/PfxRcd (kwenye Cisco ni ya mwisho) ikiwa na namba, kikao kiko hewani, na hiyo ni idadi ya prefiksi, yaani mafungu ya anwani za IP, ulizopokea kwa jirani. Ikiwa na neno, bado. Neno linaloponza wengi ni Active: mtu analiona anadhani mambo yako sawa, kumbe ruta inahangaika kufungua TCP kwenye poti 179 bila mafanikio. Mpigie jirani ping, angalia kama kuna kichujio kinachofunga poti hiyo, hakikisha anwani na namba ya AS (namba ya utambulisho wa mtandao) ndizo mlizokubaliana. Idle mara nyingi ni kwamba ruta haina hata njia ya kumfikia jirani. Idle (Admin), kuna mtu kakizima kwa mkono. Muulize mwenzako wa zamu iliyopita.

Sifuri nayo ni namba. Kikao kipo, ila hakuna prefiksi iliyoingia. Usikimbilie kumlaumu jirani, pekua sera yako ya kupokea kwanza. Kwenye FRR, programu huria ya kuendesha ruta, ukikuta (Policy), kikao kipo ila hujaweka sera kabisa, na kwa chaguo-msingi programu hiyo haipokei wala haitangazi kitu kwa jirani wa nje mpaka uiweke. Ukishaibadilisha, `clear ip bgp 192.0.2.1 soft in` inatosha (weka anwani ya jirani wako).

Safu ninayoipenda ni Up/Down, muda tangu kikao kipande au kianguke, na ndiyo wanayoiruka. Majirani wengine wanasoma 3w2d (wiki 3 na siku 2), mmoja 00:02:41. Rudia amri baada ya dakika chache: 00:01:10. Kikao kinaanguka kila baada ya dakika 3 hivi, na hold time ya kawaida ya Cisco, muda ambao ruta husubiri ujumbe wa jirani kabla ya kukata kikao, ni sekunde 180. Hapo mimi hushuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita), hasa kwenye linki za redio kama za kwenda Moshi. Ujumbe wa Open, wa kufungua kikao, ni mdogo, unapita. Update kubwa, ya kutangaza njia, inakwama, keepalive (jumbe za "bado nipo") zinapanga foleni nyuma yake, muda unaisha. Jaribu `ping 192.0.2.1 size 1500 df-bit`. Ikigoma, na ya 1400 ikapita, umempata mchawi.

Vikao vikiwa vizima na mteja bado analalamika, ingia `show ip bgp` utafute prefiksi yake. Mstari wenye `*` bila `>` ni halali lakini haukuchaguliwa. Andika amri hiyo pamoja na prefiksi upate undani: ukikuta "inaccessible", ruta haijui pa kumpata next hop (ruta inayofuata njiani). Kwa iBGP (BGP kati ya ruta za mtandao wako mwenyewe) dawa yake mara nyingi ni `next-hop-self`.

Namba za AS kwenye safu ya Path soma kushoto kwenda kulia: wa kwanza ni jirani yako, wa mwisho ndiye mwenye prefiksi. Mtandao mnaokutana nao AIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti hapa hapa Arusha, ukionekana kupitia mtoa huduma wa juu, tafuta mstari wa AIXP. Haupo? Kikao cha huko kina shida, au hawakutangazii. Upo bila `>`? Linganisha LocPrf (kipaumbele cha njia, kubwa hushinda), ikiwa tupu, ihesabu 100. Mtu akiwa ameweka 200 kwa mtoa huduma wa juu, na weight (huangaliwa kabla ya LocPrf) zikiwa sawa, urefu wa njia hauangaliwi hata kidogo.