Nyuzi ziko juu: nimwache fundi akaze trasi rodi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya, niko Makorora hapahapa Tanga. Gitaa langu ni la umeme, umbo la Stratocaster, lenye ule mkono wa kutikisia briji, kile kipande cha tumboni kinachokaliwa na nyuzi. Nyuzi namba 9 zilikuwa zinakatika sana, nikafunga namba 10, nene zaidi. Tangu siku hiyo nyuzi zimekaa juu, kuanzia freti ya saba (vile vijiti vya chuma vya shingoni) vidole vinauma. Fundi redio wa mtaani akasema shingo imepinda, akakaza trasi rodi. Kweli zilishuka kidogo, lakini sasa freti za mwanzo zinakoroma na noti za juu hazilingani na kinanda. Anataka kukaza tena. Nimwache? Na je, naweza kujifunza kulirekebisha mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Usimwache. Kama gitaa liko kwake, kalichukue leo.

Trasi rodi, kile chuma kirefu kilicho ndani ya shingo, haikuwekwa ili kushusha nyuzi. Nimeshalisema hili mpaka nimechoka, na bado magitaa yananijia yakiwa yamekazwa hadi yanalia. Kazi ya chuma kile ni moja tu. Nyuzi sita zikishatyuniwa zinaivuta shingo mbele. Chuma kinaivuta nyuma, shingo ibaki karibu imenyooka, na bonde dogo sana katikati. Bonde hilo lazima liwepo, kwa sababu uzi ukipigwa unatanuka huku na huku na unahitaji nafasi ya kuchezea. Ukikaza mno, bonde linatoweka, au shingo inatuna kuelekea kwenye nyuzi, na uzi unaanza kugonga freti za mwanzo. Huko kukoroma unakokusikia ndiko huko, na akikaza tena kutazidi.

“Lakini zilishuka,” utaniambia. Ni kweli. Hata kiti cha baiskeli kikiwa chini, ukijaza upepo tairi la nyuma kitapanda kidogo. Haina maana kwamba pampu ndiyo ya kurekebishia kiti. Urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti una mahali pake pa kurekebishia, kule kwenye briji.

Sasa kwako wewe, maradhi hayakuwa shingoni hata kidogo, na jibu ulilitaja mwenyewe bila kujua. Nyuzi namba 9 zikityuniwa kawaida kwenye gitaa la urefu huo zinavuta kwa jumla kama kilo 38. Namba 10 zinavuta kama kilo 46. Briji ya Stratocaster haijagandishwa ubaoni. Inashindana na springi zilizo mgongoni mwa gitaa. Umeongeza kilo nane upande mmoja, upande wa pili hukuongeza kitu. Briji imeinuka nyuma, ikalalia mbele, nyuzi zote zikapanda kwa pamoja. Itazame kwa ubavu utaona. Gitaa linaumwa mgongoni, fundi anatibu shingo!

Dawa yake iko hivi. Fungua kile kifuniko cha plastiki nyuma. Utaona springi zimeshikwa na kibati chenye skrubu mbili ndefu zinazoingia kwenye mbao. Kaza kila skrubu nusu mzunguko, zote mbili sawa, geuza gitaa, tyuni nyuzi zote upya, tazama briji imeshuka kiasi gani. Rudia. Wanaotumia ule mkono huacha uwazi wa kama milimita 3 nyuma ya briji. Wewe unapiga kwaya, sidhani unautumia, kwa hiyo mimi ningekaza mpaka briji ilale juu ya ubao kabisa, na ikibidi ningeongeza springi moja. Faida nyingine ni kwamba uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, tano zilizobaki hazitoki kwenye tyuni.

Na huko kukatika kwa nyuzi kulikoanzisha safari yote hii, hebu angalia zinakatikia wapi. Zikikatikia palepale zinapokalia briji, kuna ncha kali. Isugue kwa msasa laini kabisa, basi. Unene wa uzi hautibu ncha kali. Kama zinakatika popote na zina madoa ya kutu, hiyo ni hewa yetu ya bahari pamoja na jasho la vidole. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, chini na juu.

Briji ikishakaa sawa ndipo uende shingoni, si kabla. Legeza trasi rodi robo mzunguko kuelekea kushoto, ukiwa umeitazama nati yake uso kwa uso. Tyuni, kisha pima. Kupima kwa jicho sikukubali, hata uwe na jicho la mwewe. Tafuta fila geji, zile bati nyembamba ambazo mafundi pikipiki hupimia tapeti. Ngamiani hukosi mtu wa kukuazima. Funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya kwanza, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 17, halafu pima nafasi kati ya uzi na mgongo wa freti ya saba au ya nane. Bati la milimita 0.20 au 0.25 lipite likigusa tu. Likipita bati la 0.40, shingo imelegea. Hata bati jembamba kabisa likikwama, bado imekaza. Legeza robo nyingine. Gitaa liwe limekaa kama unavyolipiga, si kulazwa chali mezani. Namba 10 zinaivuta shingo kuliko namba 9, kwa hiyo inawezekana mwishowe trasi rodi ikakaa imekazwa zaidi kidogo ya zamani. Lakini hicho “kidogo” kipimo ndicho kitakachosema.

Urefu wa nyuzi unafuata. Freti ya 12, rula ya chuma: kama milimita 1.6 uzi mwembamba, 2 uzi mnene, ukigeuza vile viskrubu viwili vya kila kipande cha briji kinachokaliwa na uzi. Ukipenda kupiga kwa nguvu, ongeza. Kulinganisha noti za juu ni kazi ya mwisho kabisa, na hapo ndipo wengi huharibu kwa haraka, wanaanza nayo. Kila ukigusa shingo au urefu, noti za juu zinahama. Ndiyo maana zako zimegombana na kinanda. Funga nyuzi mpya, piga ile sauti ya kengele kwa kuugusa uzi tu juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, kisha bonyeza hapohapo upige. Programu ya kutyuni ya kwenye simu inatosha. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kipande cha briji nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Nyuzi zilizokula kutu usihangaike nazo, hazilingani hata ufanyeje.

Kabla hujashika chochote, nizungumzie ufunguo, maana hapo ndipo gitaa la laki kadhaa linapokufa kwa chombo cha mia tano. Magitaa mengi ya Marekani yana nati za inchi. Ukikuta trasi rodi ya moja ya nane ya inchi, hiyo ni milimita 3.2. Alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 3 inaingia vizuri, inacheza kidogo tu, unaikaza, inateleza, unaikaza tena, na pembe zote sita zinalika. Baada ya hapo hakuna wa kukusaidia bila kuchimbua mbao. Magitaa mengi ya Asia yanatumia milimita 4 au 5. Jaribu mpaka upate inayokaa bila kucheza. Mengine nati yake iko chini, mwisho wa shingo, na lazima shingo ifunguliwe kwanza. Ukikuta la namna hiyo na hujawahi kulifanya, nenda kwa mtu aliyewahi.

Hao wenye kulazimisha ninawafahamu kwa kazi zao. Freti zikikoroma wanazipiga msasa zote, na freti ikishaliwa hairudi, ni kung’oa na kuweka mpya. Potenshometa, ile ya kuzungushia sauti, ikikwaruza wanamwagia WD-40, inanyamaza siku mbili kisha inakwama na kukwaruza upya, wakati dawa ya kusafishia viungo vya umeme inauzwa madukani. Wengine wanapaka mafuta ya kupikia kwenye mbao za freti. Yanaoza, yananuka, yanashika vumbi. Nimeona shingo imelazwa juani chini ya tofali ili “inyooke”. Gundi ikiyeyuka kwa joto, hapo umepoteza zaidi ya ulichokuwa unatibu. Na kuna hawa wa video za dakika tano wanaoshika gitaa la mtu na kugeuza kila skrubu waliyoiona, hawajapima hata moja. Mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji ambao vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa ya umeme ndani ya taarab, leo gitaa likikoroma watu wanamkimbilia anayetengeneza redio! Redio anaiweza, simdharau. Amwachie shingo mwenye kipimo.

Nawe pia usianze kuusikiliza kila mkwaruzo. Gitaa la umeme likipigwa bila amplifaya halikosi vimlio. Chomeka jeki, washa, piga kama unavyopiga kanisani. Kisichosikika kwenye spika usikitafutie dawa, la sivyo utapandisha nyuzi mpaka vidole viume tena.

Anza na springi za mgongoni. Ukishalaza briji, ukalegeza robo na kupima, freti za mwanzo zikiwa bado zinakoroma, angalia ni uzi wazi au ni uliobonyezwa. Ukikoroma uzi wazi peke yake, mfereji wake umeliwa kwenye kile kipande cha juu karibu na funguo za kutyuni, na hapo hakuna skrubu ya kugeuza; kipande kinabadilishwa. Ikikoroma freti moja tu, ile iliyo mbele yake imeinuka, na hiyo niletee usiiguse.