Uliza Fundi: Mbona nguzo zangu zimejaa mistari?

SWALI: Shikamoo fundi. Nachora ramani za nyumba hapa Dodoma, sasa nimeamua kutumia Freestyle, kile kifaa cha kuchora mistari ndani ya Blender (programu ya kuunda maumbo ya 3D), ili mteja apate mchoro unaoonekana umepigwa kwa kalamu, sio zile picha za kung'aa ambazo kila ofisi inatoa siku hizi. Modeli ya nyumba niliitoa programu nyingine, nguzo za varanda nikaziongeza humo humo Blender. Nikirenda, yani nikiiambia programu itoe picha, ukuta wote ni pembetatu tupu, na nguzo zina mistari toka juu mpaka chini kama bati la migongo. Nimepandisha Crease Angle mpaka 170 ndo kwanza imezidi. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba. Hapo kuna mambo mawili tofauti, tuanze na la nguzo maana huko unaenda kinyume kabisa. Hiyo Crease Angle inaangalia pembe kati ya nyuso mbili zinazopakana: ukuta ulionyooka ni digrii 180, kona ya nyumba ni 90, na programu inachora ukingo wowote ambao pembe yake iko chini ya namba uliyoweka. Silinda ya Blender usipoigusa ina pande 32, yani kati ya upande na mwenzake kuna digrii 168.75, na wewe umeweka 170, itaacha kuichora kwa nini? Irudishe ilipokuwa, 134 na ushee, hapo hata nguzo ya pande 8, ambayo ni digrii 135, inapita safi.

Ila ukishashusha kagua paa. Kama limelala sana, tuseme mteremko wa digrii 15 kila upande, pale juu zinapokutana pande mbili ni digrii 150, kwa hiyo mstari wa kileleni utapotea na nyumba itaonekana haina paa. Usikimbilie kupandisha namba tena! Ingia Edit Mode, chagua ule ukingo, upige Mark Freestyle Edge, halafu kwenye mipangilio ya mistari weka tiki kwenye Edge Mark. Mi napenda hii njia kuliko zote maana ni wewe unayeamua mstari upi ubaki, na mchoro mzuri mara nyingi ni ule uliofutwa vitu vingi.

Sasa pembetatu za ukutani. Nina hakika karibu yote kwamba ile programu imekutolea modeli ambayo kila pembetatu imejitenga, kwa macho zimegusana lakini hazijaungana, kwa hiyo Blender inaona kila ukingo ni mwisho wa kitu na inauchora kama Border, ambayo huwa imewekwa tiki tangu mwanzo. Ukiwa Edit Mode chagua modeli yote, bonyeza M, chagua Merge by Distance, zinaungana. Baada ya hapo ukuta ukiwa tambarare kweli zile pembetatu zinapotea zenyewe, huna haja ya kugusa kitu kingine.

SWALI: Mwalimu wa uchoraji wa kiufundi, Mombasa. Nataka wanafunzi waone na mistari iliyojificha nyuma ya kitu, ichorwe kwa vipande vipande kama tunavyochora ubaoni. Inawezekana ama nichore kwa mkono tu?

JIBU: Inawezekana mwalimu, tena ni kazi ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1967 Arthur Appel wa IBM alitoa wazo la kuhesabu nyuso ngapi zimeuficha mstari: sifuri maana yake unaonekana, moja maana yake kuna uso mmoja mbele yake, na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba ukifuata mstari hesabu hiyo haibadiliki ovyo, inabadilika pale unapopita nyuma ya ukingo wa nje wa umbo, kwa hiyo kompyuta haihitaji kukagua kila nukta. Freestyle bado inaitumia. Tengeneza seti mbili za mistari, ya kwanza iache Visible, ya pili chagua QI Range (QI ndiyo ile hesabu ya nyuso) uweke 1 mwanzo na 1 mwisho, kisha kwenye staili yake washa Dashed Line na upunguze unene. Kwa mchemraba inatosha, ila kifaa chenye matundu mengi kitataka namba kubwa zaidi na hapo mchoro unaanza kuchafuka, chagua vifaa rahisi.

SWALI: Mimi niko Nairobi, natengeneza katuni fupi. Picha moja moja iko poa lakini ikicheza mistari inaruka ruka. Msaada.

JIBU: Mistari inakokotolewa upya kila fremu, kamera ikisogea kidogo mstari mmoja unakatika kuwa miwili na kama umeweka mtetemo wa kuiga mkono, nao unaanza sehemu nyingine. Wataalamu wenyewe bado wanahangaika nayo. Toa mtetemo kwanza uone. Ikigoma, tumia ujanja wa games: weka Solidify, ile ya kuongeza ganda, kwenye mhusika, washa Flip ili ganda ligeuke nje ndani, ganda la nje lipe rangi nyeusi na kwenye material yake washa Backface Culling, inayoficha nyuso zilizoipa kamera mgongo, utapata ukingo mweusi unaotulia. Hautakuwa na uhai wa kalamu, ila kwa katuni ya kukimbizana nani ataangalia, na kurenda ni haraka mno.