Usisubiri Getini: Nilivyokua Kikazi Pembezoni mwa Kampuni Kubwa

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeishi hapa hapa Mbagala aliniandikia ujumbe mrefu, akanieleza kwamba tangu amalize chuo amepeleka barua za maombi ya kazi katika viwanda vya Dar es Salaam mpaka amechoka kuhesabu. Mwisho wa ujumbe aliuliza: "Kaka, hawa matajiri wakubwa wana faida gani kwetu sisi kama hawatuajiri?" Swali hilo liliniuma, kwa kuwa mimi mwenyewe nililiuliza kwa maneno hayo hayo mwaka 2011.

Nitajibu kwa kutumia kundi la Bakhresa, lenye bidhaa za jina la Azam, kwa sababu ndilo tunaloishi nalo huku Barabara ya Kilwa. Kiwanda chake cha vinywaji kipo Mwandege, na uwanja wa Azam FC upo Chamazi. Andazi unalokunywea chai asubuhi kuna uwezekano mkubwa limetokana na unga wa Azam. Mchana mtoto anaililia aiskrimu ya Azam akisikia tu muziki wa baiskeli ya mchuuzi unakaribia, na jioni tunajazana kibanda umiza kutazama ligi kupitia king'amuzi cha kampuni hiyo hiyo. Ukienda Unguja kuhani msiba, huenda ukavuka kwa boti zake za Kilimanjaro. Mtu anaweza kumaliza siku nzima ndani ya biashara za familia moja bila kuwahi kukanyaga ofisi yake hata mara moja.

Habari za mwanzilishi wake zinafahamika. Said Salim Bakhresa alizaliwa Zanzibar mwaka 1949, akaacha shule akiwa na miaka 14, akauza mchanganyiko wa viazi, na katika miaka ya 1970 akawa na mgahawa. Wengi huitumia historia hii kuwaambia vijana kwamba shule haina maana, na mimi sikubaliani nao kabisa. Funzo ninaloliona ni jinsi biashara moja ilivyozaa nyingine iliyopakana nayo. Anayelisha watu anahitaji unga, kwa hiyo siku moja anaingia kwenye usagaji. Anayesaga unga yuko hatua moja tu kutoka kwenye mkate na biskuti. Timu yake ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo, na mwishoni mwa mwaka 2013 televisheni ya Azam ikaanza. Mwaka 2021 televisheni hiyo ikasaini na shirikisho la soka mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kila mlango ulifunguka kutoka kwenye chumba alichokuwa tayari amesimama.

Mimi nilikuja mjini kutoka Kilwa nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo nilikuwa nikizificha. Nilipanga foleni kwenye geti la kiwanda kimoja kikubwa, ambacho sitakitaja, kuanzia saa 11 alfajiri, nikisubiri msimamizi atoke na kunyooshea vidole watu wa siku hiyo. Nilifanya kibarua pale kwa miezi saba. Msimamizi aliniahidi mbele ya wenzangu kwamba nafasi ya kudumu ikipatikana ni yangu. Ilipopatikana alipewa kijana aliyekuwa na wiki tatu tu kazini, na nilipokwenda kuuliza niliambiwa nisirudi kesho yake. Imepita miaka mingi, na bado nikipita mbele ya geti lile huwa ninageuza uso.

Nikapata kazi ya kupakua mizigo kwa wakala mmoja wa unga hapa Rangi Tatu. Malipo yalikuwa madogo kuliko ya kiwandani, lakini nilianza kuona kitu ambacho kiwandani sikukiona, yaani mzigo unakwenda wapi ukishatoka getini. Kiwandani niliona mifuko inaingia kwenye lori, basi. Kwa wakala niliona lori likishusha, guta likibeba mifuko 10 kwenda Kizuiani, mwenye duka akiomba mali kauli, yaani achukue mzigo sasa na alipe Ijumaa, na tajiri wangu akiandika katika daftari la madeni lenye jalada la buluu, ambalo pembe zake zilikuwa zimelainika kwa jasho la vidole vyake. Niliomba nimsaidie kuandika. Alikubali kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua.

Daftari lile lilinisomesha. Niliona kwamba faida ya mfuko mmoja wa unga ni ndogo mno, na kwamba anayetajirika ni yule ambaye mzigo haulali kwake. Niliona majina ya wanaolipa Ijumaa na majina ya wanaobadilisha njia Ijumaa ikifika. Niligundua pia kwamba mteja aliyechukua mzigo mkubwa kuliko wote hakuwa mwenye duka, bali mama mmoja wa Mbagala Kuu aliyekuwa akikaanga maandazi na kuyasambaza shuleni.

Siku moja nilimpelekea mfuko, akaufungua mbele yangu kabla ya kulipa. Alichota unga kidogo, akaumiminia maji kiganjani, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukawa donge, kisha akauvuta aone utakatika lini. "Huu unakunywa maji, mwanangu," akaniambia. "Wa wiki iliyopita haukunywa, nikapata maandazi pungufu kwa kilo ile ile." Nilikuwa nimebeba unga mgongoni kwa zaidi ya mwaka na sikuwa ninajua jambo hilo. Tangu siku hiyo nikawa ninauliza kila mkaangaji unga wake umetoa maandazi mangapi, ninaandika, na jioni ninamweleza tajiri aina gani aagize na ampelekee nani. Mauzo yalipanda, naye akaniondoa kwenye kupakua.

Miaka minne iliyofuata ilikuwa ya kazi tu, sina la kusimulia. Mwaka 2022 bei ya ngano ilipopanda duniani kwa sababu ya vita vya Ukraine, nasi Tanzania ngano yetu nyingi inatoka nje, maandazi ya mitaani yalipungua ukubwa huku bei ikibaki ile ile, na mawakala wengi walikwama na madeni. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza biashara yangu, na sikukwama, kwa sababu nilijua nani akipewa mali kauli atalipa. Leo nina guta tatu na kirikuu moja, yaani gari dogo la mizigo, ninahudumia maduka zaidi ya 40, na nimeajiri vijana watano. Ninalisema hili kwa fahari kwa sababu hakuna aliyenipa.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, kampuni kubwa inaajiri watu wengi pia nje ya geti lake, ila haiwaandikii barua. Wapo mafundi wa madishi, wasafirishaji, wenye vibanda umiza, wachuuzi wa aiskrimu, mawakala wa fedha, wakaangaji. Tafuta mahali mzigo unapopita, usimame hapo, ujifunze. Ukishaelewa hatua yako, tazama hatua inayopakana nayo. Usirukie biashara ya mbali kwa sababu umesikia inalipa. Jifunze mzigo unavyosafiri. Hilo nimeliandika mara nyingi humu na nitaendelea kuliandika. Na tuache kulalamika vijiweni kwamba matajiri wamebana kila kitu, ilhali hatujui hata unga tunaokula unafikaje dukani. Heshimu kazi inayochafua nguo. Andika kila unachokiona. Ukiahidiwa kitu na bosi, endelea kujifunza kana kwamba hukuahidiwa.

Sisemi barua za maombi ziachwe. Ajira rasmi ina bima na mafao, vitu ambavyo mimi nilivikosa kwa miaka mingi na mke wangu alivilipia kwa wasiwasi wake kila mtoto alipougua. Peleka barua, lakini usikae nyumbani ukisubiri majibu.

Nilimjibu kijana yule aje Jumamosi saa 11 alfajiri, gari likishusha, akae na daftari asubuhi nzima na nitamlipa posho ya siku. Aliuliza kama aje na vyeti. Nimemwambia aje na kalamu.